Usinitazame Usoni

14 Januari

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imefika ikiwa na doa la chai pembeni, nikajua umeiandika wakati wa mapumziko ya zamu, huku wenzako wa kitengo cha vifungo wakikuchungulia begani. Waambie nawasalimu, maana najua na hii wataisoma.

Sisi wazima. Mlango wa jikoni umetengenezwa hatimaye, haulii tena kama mbuzi. Shangazi amepona mguu na sasa anasambaza umbea wa mtaa mzima kwa miguu yote miwili. Mwanao, Chiriku, amerefuka, sketi ya shule tuliyoishusha pindo mwezi wa tisa imeshapanda tena magotini.

Tuisheni imejaa. Nimeazima benchi kwa seremala wa jirani, na hata hivyo Kibonge, mtoto wa dereva wa lori, anakaa nusu kwenye benchi na nusu hewani. Hisabati ni Jumatatu na Jumatano, sayansi Jumanne na Alhamisi, na Ijumaa ni Kiingereza, ambacho wengi hukijia wamenuna. Wanatoka shuleni kwenye madarasa ya watoto themanini, mwalimu hawafahamu hata kwa sura. Kwangu wanakaa kuizunguka meza moja. Hilo tu ndilo ninalowapa, dada: kutazamwa na mtu.

Chiriku wetu ndiye anayeongoza. Nampa hesabu za mafumbo ambazo mimi nilizikuta nikiwa nimemzidi umri, anaandika, ananitazama, anaandika tena, na jibu linatoka safi. Akiwa amekaa mbele yangu hakosei. Kwa hiyo kuhusu mtihani wa mwezi wa sita, wa kuingia shule hiyo ya karibu nawe, usiwe na wasiwasi. Masomo ni yaleyale matatu, na yote anayasoma hapa mezani.

Mdogo wako


3 Februari

Mwalimu wangu,

Hawakuisoma. Nimeisoma mimi, kwa sauti, wote wakasikia. Kibonge ameshakuwa maarufu huku, mkuu wa zamu ananiuliza habari zake.

Mimi mzima, mgongo tu unalalamika, nami nimeuzoea kama jirani msumbufu. Nimehama chumba. Hiki kipya kina madirisha mawili na mlango unaofungika, na nimenunua kitanda cha pili. Mwenye nyumba, mzee mmoja mcheshi, akaniuliza mgeni anakuja lini. Nikamwambia si mgeni, ni mwenyewe. Kila jioni nikitoka kazini nakikuta kimetandikwa, hakuna aliyelala. Nimekizoea hivyo mpaka najisemea, huyu leo kachelewa.

Nimekwenda shuleni kwao tena. Ni kama walivyosema mwanzo: ashinde hisabati, sayansi na Kiingereza, yote matatu, hakuna kubembelezana. Mtihani atafanyia hukohuko, karatasi zitaletwa huku kusahihishwa. Shule yenyewe, ukitoka mlangoni kwangu, unaona paa lake.

Niambie jambo moja, na usinizungushe. Ananiulizia? Kwenye simu ananipa habari za dunia nzima bila kuvuta pumzi, lakini sijui kama simu ikikatika ananitaja. Nilimwacha hajang'oa hata jino la kwanza.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Jino la nyuma lilinisumbua, shavu likavimba nikawa kama nimeficha embe mdomoni. Sasa limeng'olewa, naendelea vizuri. Shangazi anakusalimu. Mvua zimeanza.

Chiriku alifanya mtihani wa majaribio shuleni. Matokeo nitakuandikia.

Nilikuwa nawaza. Kuna haraka gani ya mwaka huu? Shule haitahama. Tukimwacha akasoma mwaka mmoja zaidi hapa, akakomaa, nafikiri itakuwa salama zaidi kwake. Fikiria kwa utulivu kabla hujanijibu.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Nimefikiria kwa utulivu. Utulivu wenyewe umekwisha, sasa nakujibu.

Hukuniambia matokeo ya majaribio. Mtu hachelewi kutaja alama nzuri. Halafu nimempigia Chiriku Jumapili mbili mfululizo. Mtoto aliyekuwa akinisimulia mpaka rangi za soksi za wenzake sasa ananijibu ndiyo, hapana, niko sawa, mama mdogo yupo. Nikakuuliza wewe, ukasema amechoka na masomo. Nyumba yenu ni chumba na sebule. Najua alikuwa amesimama hapo pembeni, hukuweza kusema. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye barua hakuna anayesimama pembeni.

Haraka ya mwaka huu ni hii: kidato cha kwanza hawapokei aliyezidi miaka kumi na minne. Mwakani amezidi. Mlango huu ukifungwa, sina mwingine. Hapa kazini siwezi kuondoka, na huko kwenu hakuna kiwanda cha kunipokea. Kwa hiyo ni mwezi wa sita, au mwanangu atalelewa kwa simu mpaka awe mtu mzima.

Umemfanya nini mtoto? Au yeye kakufanya nini? Kama umechoka naye sema, sitakulaumu, umembeba miaka yote hii. Nitaomba ruhusa nije nimchukue, asome popote, hata akirudia darasa. Lakini usininyamazie. Kuninyamazia umejifunzia wapi? Kwetu hakuna mtu wa hivyo.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Sijachoka naye. Laiti ingekuwa hivyo, ingekuwa rahisi kuandika. Kaa chini, nakueleza tangu mwanzo.

Ilikuwa siku ya lile jino. Nilikataa kuahirisha hisabati, nikakaa mezani na kitambaa shavuni. Chiriku alikuwa na mlinganyo wa kawaida tu, wa kutafuta thamani ya x. Akafanya, akaandika tano. Tano ndiyo jibu. Wakati huohuo jino likanichoma nikakunja uso. Yeye akanitazama, akachukua kifutio, akafuta ile tano. Akaandika saba, akanitazama. Mimi bado naugulia. Akafuta saba, akaandika nne, akanitazama tena.

Nikamuuliza kwa nini amefuta jibu sahihi. Akasema, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mtoto, kwamba uso wangu ulikuwa umekataa.

Nikawauliza wenzake. Wakacheka. Kumbe wote wanajua. Nikifurahia jibu, pua inanitanuka. Mtu akianza kupotea njia, nashika shingo. Akikaribia, naacha kupumua. Kibonge akasema ana uhakika zaidi na pua yangu kuliko na kitabu. Wamenisoma mwaka mzima kama ubao, na mimi kila jioni nimelala nikijipongeza kwamba watoto wanaelewa.

Wenzake walikuwa wanatumia uso wangu pale walipokwama tu. Chiriku anaishi na uso huu. Ameniona nikipika, nikiumwa, nikisoma barua zako. Hajui hisabati, ananijua mimi. Matokeo ya majaribio, ambayo niliyaficha, ni haya: hisabati kumi na tisa kwa mia, sayansi thelathini na tatu. Kiingereza alipata sitini, kwa sababu hicho anapenda kukisoma peke yake kitandani. Shuleni alikaa kwenye mtihani bila uso wangu, akawa kama mtu aliyeingia chumba chenye giza.

Nikajaribu kujiondoa. Nilikaa nyuma yao, wakawa wanageuka. Nikajitanda mtandio mpaka machoni, wakasoma vidole vya miguu. Nikaenda jikoni kuosha vyombo wakati wanafanya kazi. Kibonge akagundua kwamba nikisikia mtu anasema jibu kwa sauti na ni kosa, sahani zinanyamaza.

Basi nikaamua kudanganya. Nilikaa mbele yao, nikawa nakunja uso kwenye jibu sahihi, natabasamu kwenye kosa. Wale wengine waliona ni mchezo; baada ya siku chache wakaacha kunitazama, wakaanza kubishana wao kwa wao, nusu ya kazi ikawa imekwisha. Lakini Chiriku alinifuata kila mahali nilipompeleka. Nikitabasamu kwenye kosa, analiacha, anaendelea kwa raha. Jumatano moja alifuta majibu sahihi matatu, moja baada ya jingine, kwa ajili yangu. Wenzake walipoondoka nikamwambia yote matatu alikuwa ameyapata.

Akaniuliza, "Sasa kwa nini umenikunjia uso?"

"Ili usinitazame."

"Nimtazame nani?"

Nikakusanya madaftari, dada. Mimi mwenye majibu ya kitabu kizima kwenye kurasa za nyuma.

Tangu siku hiyo amegeuza kiti. Anakaa ncha ya meza akielekea ukutani, anafanya kazi yake, ananiletea daftari bila neno. Kwenye chakula anatazama sahani. Huo ndio ukimya uliousikia kwenye simu. Hajagombana na mtu. Aliuamini uso mmoja duniani, nami nikaufanya uongo, kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu.

Na bado sijamaliza. Kila nikikaa najiuliza kwa nini nilichelewa kuona. Mimi ninayejiona mwepesi wa kuona. Nafikiri sikutaka kuona. Mtoto asiyeweza kufanya hesabu bila mimi ni mtoto ambaye hawezi kuniacha. Uliniuliza kama anakuulizia. Anakuulizia kila siku: mama anaamka saa ngapi, mama bado anapenda kulala upande wa ukuta, mama akicheka anafunika mdomo kama mimi? Sikukuandikia hayo, maana ungeharakisha. Na ile habari ya kungoja mwaka mmoja sikuiandika kwa ajili yake. Niliiandika kwa ajili yangu.

Sasa unajua. Ukitaka kuja kumchukua, njoo. Alama zake za hisabati za wiki hii, akiwa anaelekea ukutani, ni arobaini na moja.

Mdogo wako


21 Aprili

Mdogo wangu kipenzi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Siyo kwa yote. Kwa sahani kunyamaza.

Nilikuwa nimeogopa vibaya. Mtu akiwa mbali anawaza magonjwa, anawaza wanaume, anawaza mambo ambayo hata kuyaandika sitaki. Nikawa nafungua bahasha yako kama anayefungua sufuria asiyoijua. Nikakuta mtoto kageuza kiti. Nilikaa kwenye kile kitanda kitupu nikashusha pumzi ambayo nadhani niliipandisha mwezi wa pili.

Sasa nisikilize, mimi niliyekulea kabla wewe hujamlea wangu. Uso wako haujawahi kuficha kitu tangu ukiwa mchanga. Mama alikuwa hahitaji kukuuliza nani kamaliza sukari. Kwa hiyo usijifanye ulikuwa na mpango wa siri wa kumshikilia Chiriku. Wewe mpango wa siri ungeuwezea wapi? Ulimpenda, ikaonekana usoni, akaisoma. Kwamba hutaki aondoke, hilo nalijua tangu ulipoanza kumwita "Chiriku wetu". Wetu ndivyo alivyo, na akija huku atabaki hivyo. Ningekuwa na hasira kama ungekuwa unamhesabia siku za kuondoka.

Siji kumchukua. Kutoka kumi na tisa hadi arobaini na moja akitazama ukuta, huo ukuta wako nauheshimu. Endelea. Na usimbembeleze arudi kukutazama. Akitaka kunyamaza, anyamaze. Mimi kwenye simu nitaongea peke yangu, najua kuongea, hilo jina la Chiriku hakulitoa kwa jirani.

Ila usimdanganye tena kwa uso. Hiyo dawa imeshafanya kazi, ukiizidisha itamuua mgonjwa.

Habari za kuamka kwangu: saa kumi na moja. Upande wa ukuta, bado. Mdomo nafunika. Mwambie.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Tu wazima, Shangazi anasema nimekonda, nimemwambia ni mwanga wa dirisha.

Mtihani umefanyika. Nilijiahidi sitakuandikia mpaka uishe, nisije nikakuletea kila Jumatatu joto la mwili wake.

Nilimpa majibu yako ya kuamka na kulala, akayasikiliza akiwa ameelekea ukutani. Hakugeuka. Lakini siku ya pili nikakuta amehamisha kitanda chake kikae upande wa ukuta. Kuzungumza alianza tena polepole, kwanza kuhusu wengine. Akaanza kumfundisha Kibonge sehemu ya sayansi inayomshinda, ya umeme na nyaya, na akiwa anafundisha nikasikia anamwambia asimtazame yeye, atazame mchoro. Nikaenda jikoni. Sikuosha chombo chochote.

Siku ya mtihani nilimsindikiza hadi mlango wa ukumbi. Walikuwa wengi, kila mtoto na mtu wake mzima anayemnyoosha kola. Nilikuwa nimejifunza njiani jinsi ya kuukaza uso usiseme kitu. Akanitazama, mara ya kwanza kwa wiki nyingi, akasema, "Mama mdogo, ogopa tu kama unaogopa. Mimi naingia." Akaingia.

Alipotoka sikumuuliza. Tulitembea hadi nyumbani, akanieleza kwamba kila alipoinua kichwa alimwona msimamizi, baba mmoja mnene aliyekuwa anapambana na usingizi, na uso wake haukuwa na habari yoyote, ungeweza kumtazama kutwa usiambulie kitu. Akasema mwanzo lilimtisha hilo, kisha likampumzisha. Amekula, amelala mchana mpaka jua limepoa. Mimi nimekaa naandika, sijui kama ameshinda, na kwa namna ambayo siwezi kukueleza vizuri, leo sina wasiwasi. Kesho nitaanza kuwa nao.

Mdogo wako


8 Julai

Mwalimu,

Amepita. Nimekupigia simu umeshalia, yeye kashapiga kelele, Shangazi kashatangaza mtaa mzima, lakini nataka uwe nayo kwa maandishi. Kiingereza sabini na nane. Sayansi sitini na sita. Hisabati hamsini na tatu, na walitaka hamsini. Nimeomba zamu ya usiku mwezi mzima ili wakati wa mchana nipate kumtembeza.

Sasa kuna jambo la hisabati nataka unifafanulie. Mwalimu wao mkuu alinionyesha karatasi yake, akasema kuna swali moja walilizungumzia ofisini. Mimi na hesabu tulishaachana, lakini nimelinakili lote, neno kwa neno. Swali linasema tangi linajazwa na mabomba mawili yakifunguliwa pamoja asubuhi. La kwanza peke yake hulijaza kwa saa tatu, la pili kwa saa sita. Litajaa baada ya muda gani?

Mwanao na wangu amechora tangi. Amelikata mafungu sita. Bomba la kwanza mafungu mawili kwa saa, la pili fungu moja, jumla matatu kwa saa, kwa hiyo saa mbili. Ameandika saa mbili. Halafu amekata kwa mstari mmoja na chini yake ameandika: "Saa mbili na nusu, kwa sababu asubuhi watu wote wanafungua maji na hayana nguvu." Msahihishaji amempa alama za njia, amemnyima ya jibu, amezungushia duara jekundu. Pembeni ameandika maneno mawili: "Nani kakwambia?"

Ni kosa kubwa? Niwe na wasiwasi?

Dada yako


19 Julai

Dada yangu,

Chiriku anafunga begi na kulifungua, tangu jana. Atapanda basi Jumamosi, Shangazi atamsindikiza, kwa hiyo andaa masikio mawili. Sketi nimeishusha pindo la mwisho, zaidi ya hapo ni kununua. Benchi bado sijarudisha; seremala ameleta binti yake naye asome, ni mkali, ameshambishia Kibonge habari za sehemu na desimali mpaka Kibonge akaenda kukaa hewani kabisa.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na lile swali la tangi nimelikata kwa mkasi nikaliweka kwenye kioo. Njia aliyotumia mimi sikumfundisha. Mimi hufundisha kwa sehemu, moja ya tatu kujumlisha moja ya sita, sichori matangi. Saa mbili ni sahihi, na kwenye karatasi ile angeacha hapo angepata alama zote. Lakini akakumbuka mtaa wetu, jinsi maji ya alfajiri yanavyotoka kama uzi kwa sababu kila nyumba imefungua, akaona swali limesahau kitu. Akakata jibu lake mwenyewe. Hajalikata kwa sababu ya pua ya mtu, wala shingo, wala sahani. Ni kosa ambalo mimi nisingeweza kulikosea hata ningetaka, na sijawahi kufurahia jibu lolote sahihi hivi.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Na ukikutana tena na huyo msahihishaji, mpe salamu zangu, umwambie swali lake aliloliandika pembeni nimelifanyia kazi mwaka mzima, na jibu ninalo.

Hakuna, dada. Hakuna aliyemwambia.

Mdogo wako